Mwaliko wa Arusi Uliomuua Mume Wangu

Hakuna mtu aliyewahi kunidanganya. Isipokuwa muuza dawa za mizizi, fundi wa meno, na mume wangu, ambaye hachoki.

Asubuhi ile nilikuwa natia chumvi kabichi za kimchi, achari yetu kali, kwenye beseni. Mume wangu, Deok-bae, alipata ujumbe kwenye simu: umealikwa arusi, bonyeza hapa uone ukumbi. Jina la bwana arusi halikuwamo. Lakini kwetu kukosa arusi ya mtu ni aibu, basi akabonyeza. Simu ikamwambia aweke programu mpya. Akaiweka. Arusi hakuiona.

Kabla ya saa sita majirani wakaja na nguo nyeusi na bahasha za rambirambi. Simu yake ilikuwa imewatumia wote habari za kifo chake. Marehemu mwenyewe akawafungulia mlango.

Jirani yetu Mi-ok, aliyewahi kufanya kazi benki, aliichukua simu ile na kuizimia mtandao. Akatueleza kwamba programu ile ni mwizi. Inasoma ujumbe na namba za siri, kisha inatumia jina lako kuwanasa wenzako. Hata tangazo la msiba lilikuwa na mahali pa kubonyeza.

Pesa za kupasuliwa goti langu zilikuwa benki, na benki ilikuwa ndani ya simu hiyo.

Mi-ok akaipigia benki kwa simu yake mwenyewe, kwa namba iliyo nyuma ya kadi yetu. Akaunti ikafungwa kwa muda. Pesa zilikuwa salama. Akaifuta ile programu, tukawaonya watu wote wasibonyeze.

"Shemeji," akamwambia Deok-bae, "ukipata habari kama hiyo, mpigie mwenyewe kwanza, kwa namba unayoijua."

"Na kama mwenyewe ndiye marehemu?"

"Mpigie mkewe."

Kesho yake ujumbe ukaingia kwangu, kwa namba ngeni: "Mama, ni mimi binti yako. Simu yangu imevunjika. Nitumie picha ya kadi ya benki." Deok-bae akaanza kuitafuta kadi. Nikamwambia akae chini, nikampigia binti yetu kwa namba yake ya siku zote. Alikuwa kazini, simu yake nzima.

Mi-ok alisema ujumbe wa namna hiyo usijibiwe, ufutwe tu. Niliufuta. Ila kwanza niliandika: "Sawa, mwanangu. Ile kimchi mpya niliyokutumia, umeionja?"

Jibu likaja upesi: "Nimeimaliza yote, Mama. Tamu sana."

Nikalitazama beseni. Kabichi zilikuwa bado kwenye chumvi.