Furungu la Shaba kutoka Ng'ambo

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya milima iliyo nyuma ya Rumonge, Chausiku alikuwa keshafika ufukweni. Kazi yake ilikuwa kuanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, na kuwafukuza kunguru. Na kunguru wa Rumonge, jamani, hawana haya! Ukimfukuza huyu, mwenzake keshabeba. Chausiku alikuwa na miaka kumi na miwili. Zama zile za Wadachi, yaani Wajerumani, mtoto wa umri huo alihesabiwa mtu mzima kwenye kazi, na mtoto mdogo kwenye kusemwa.

Asubuhi moja bibi yake, Mwanahamisi, alimfuata palepale mchangani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Acha hao kunguru kidogo, unisikilize. Mjomba wako Amuri anavuka kesho kwenda Ubwari kuuza mafuta ya mawese. Utakwenda naye."

Chausiku alitaka kurukaruka kwa furaha. Ng'ambo! Milima ya Ubwari aliiona kila siku kule upande wa pili wa ziwa, lakini hakuwahi kuikanyaga. Kule walitawala Wabelgiji, na watu walisema hata chumvi yao ina ladha nyingine.

Sababu ya safari yake ilikuwa Nasoro, mtoto mchanga wa dada yake Zuwena. Zuwena alikuwa amezika watoto wawili kabla ya huyu. Sasa arobaini ilikuwa inakaribia, siku ambayo mama na mtoto hutolewa nje na watu huja kuwatazama. Zuwena alitaka siku hiyo mwanawe avae kitu ambacho hakuna mtoto wa Rumonge aliyewahi kukivaa. Na aliyemtia hamu hiyo ni Riziki, mke wa mjomba Amuri. Riziki alizaliwa Ubwari, na alisema kaka yake ni mhunzi anayefua mafurungu, bangili za mguuni za shaba nyekundu, yenye njuga ndogo. Mtoto akitikisa mguu, mama humsikia hata akiwa jikoni.

"Maneno matamu," bibi alisema, akitazama huku na huku. "Lakini Riziki ana miaka mitatu katika nyumba ya mwanangu na hajazaa. Mwanamke asiye na mtoto anahangaikia mguu wa mtoto wa mwenzake, kwa nini? Wewe ndiye utakuwa macho yangu."

Jioni ile Zuwena alimpa Chausiku uzi mweupe. Aliuzungusha kwenye kisigino cha Nasoro, akaupiga fundo. "Hiki ndicho kipimo," alisema. "Furungu lile halina mwanya, lazima lipite kisiginoni. Mpe mhunzi mkononi."

Bibi alimvutia Chausiku pembeni. "Uzi uliogusa mwili wa mtoto si kitu cha kumpa mtu usiyemjua. Umesikia?"

Chausiku alisikia, na tangu hapo hakuwa na raha. Amtii dada au amtii bibi?

Asubuhi, kabla mtumbwi haujasukumwa, askari aliwapanga abiria mstari na kumpapasa kila mtu shingo, akitafuta uvimbe wa malale, ugonjwa wa usingizi. Amri ya daktari wa Kidachi. Siku zile hata serikali ilishuku shingo za watu! Riziki alicheka alipopapaswa. Chausiku akajiuliza, mtu anayecheka mbele ya askari anaficha nini?

Ukishaanza kumshuku mtu, kila afanyalo huwa ushahidi. Riziki alipompa muhogo njiani, Chausiku aliunusa kwanza. Riziki alipochovya mkono ziwani na kuimba kidogo kwa lugha ya kwao, Chausiku aliona anaita kitu kutoka majini. Alipouliza, "Uzi wa mtoto umeuweka vizuri, mwanangu?" Chausiku aliona anauwinda.

"Nimeuweka, mama," alijibu, akashika pindo la kanga alimoufunga.

Kiwanda cha mhunzi kilikuwa kibanda cha makuti pembeni ya maji. Asmani, kaka yake Riziki, alikuwa mtu mrefu mwenye jicho moja lililopofushwa na cheche. Alimkumbatia dada yake, akamsalimu mjomba Amuri, akamuonyesha Chausiku furungu moja lililokwisha kufuliwa. Lo! Lilikuwa jekundu kama kaa la moto, na njuga zake zililia kwa sauti nyembamba tamu. Chausiku alijua hapo hapo kwamba Rumonge nzima haina kitu kama kile.

"Nipe kipimo cha mutoto," Asmani alisema.

Hapo ndipo Chausiku alipoinua macho na kutazama ukutani. Kwenye vijiti vilivyochomekwa ukutani zilining'inia nyuzi, nyuzi nyingi, nyingine nyeupe na nyingine zimekuwa nyeusi kwa moshi, na kila mmoja una fundo. Nyuzi za watoto! Mtu huyu anazifungia nini humu? Akakumbuka maneno ya bibi, akakumbuka na makaburi mawili madogo ya watoto wa Zuwena.

"Uzi uko kwenye mzigo," alidanganya. "Nakwenda kuuchukua."

Alikimbia hadi nyuma ya kibanda mahali mke wa Asmani hupikia. Hakukuwa na mtu. Chausiku alichomoa uzi mwingine kwenye upindo wa kanga yake, akauzungusha kwenye mpini wa mwiko, akaupiga fundo. Akarudi, akautoa kwa mikono miwili kwa adabu zote.

Asmani aliulowesha uzi kwa mate, akaunyoosha, akautazama kwa lile jicho lake moja.

"Mbona kipimo kidogo sana? Una hakika hiki ni kisigino cha mutoto?"

"Naam."

"Umepima wewe mwenyewe?"

"Dada ndiye aliyepima. Mtoto ni mdogo tu."

Asmani alimtazama kwa muda. Chausiku aliona mtu mbaya aliyeshtukiwa. Haikumpitia akilini kwamba huenda ni fundi mwema asiyetaka kukosea kazi. "Haya," Asmani alisema. "Nitaongeza nafasi kidogo ya kukua." Akautundika uzi ule ukutani pamoja na wenzake, akapuliza moto.

Wakati wa kurudi, katikati ya ziwa, Chausiku alifungua pindo la kanga na kuuachia uzi wa kweli majini. Alijiona shujaa. Amemwokoa Nasoro, na furungu la shaba analo! Kama litamwenea, hilo hakuliwaza.

Siku ya arobaini ua ulijaa. Ndugu wa baba yake Nasoro walileta kuku na unga wa muhogo, wanawake walipiga vigelegele, na Nasoro alitolewa nje akiwa amenenepa mashavu. Zuwena alilitoa furungu. Njuga zililia, na wageni wote wakasema, "Loo!" Hata bibi Mwanahamisi alitabasamu.

Kisha Zuwena akaanza kumvisha. Furungu lilipita vidole, likakwama. Akalisukuma. Nasoro akapiga ukelele, mguu ukabaki na alama nyekundu.

Minong'ono ikaanza uani.

"Shaba imemkataa mtoto."

"Haikumkataa, imetumwa. Si imetoka kwa kina Riziki?"

"Tasa akikuletea zawadi ya mtoto, na wewe unaipokea?"

Zuwena alimkumbatia mwanawe. "Riziki, nilikukosea nini?" alilia. "Nimezika wawili! Unataka na huyu?"

"Wallahi, Zuwena, sijui limekuwaje," Riziki alisema. "Kaka yangu hajawahi kukosea kipimo."

"Amuri!" Bibi alimwita mwanawe. "Mtumbwi wa kwanza ukivuka, mkeo arudi kwao. Mimi sitalala nyumba moja na mtu huyu."

Mjomba Amuri alisimama, lakini hakumtetea mkewe. Riziki aliingia ndani bila kugombana na mtu. Chausiku alimwona kupitia mlangoni akikunja mkeka wake na nguo zake chache, machozi yakidondoka juu ya mkeka. Ushujaa wote wa Chausiku uliyeyuka. Alijua akinyamaza hakuna atakayejua kamwe. Alijua pia kwamba Riziki ataondoka kwa kosa lisilo lake.

Riziki alipotoka na mkeka begani, Chausiku alimzuia njia.

"Ni mimi!" alipiga kelele. "Uzi niliompa mhunzi haukuwa wa Nasoro. Nilipima mpini wa mwiko! Uzi wa kweli niliutupa ziwani!"

"Mpini wa nini?" Zuwena aliuliza.

"Wa mwiko, dada. Niliogopa. Niliona nyuzi za watoto zimetundikwa kule ukutani, nikadhani anawaroga. Aliniuliza kama nina hakika, nikasema ndiyo. Nisamehe, mama Riziki."

Riziki alimtazama, akatikisa kichwa polepole. "Mwanangu, si ungeniuliza tu? Mtoto hukua. Mguu ukijaa, mama hulirudisha furungu, na kaka yangu hulifua upya likawa kubwa. Huzitunza nyuzi ili aone mtoto amekua kiasi gani. Huwaonyesha mama zao, wakacheka. Mmoja kati ya zile nyeusi ni wa binti yangu. Nilimzaa kabla sijaja Rumonge. Hakufika kutembea."

Wale walionong'ona walitazama miguu yao.

Zuwena alimpa mwanamke mmoja wa jirani mtoto amshike. Akachomoa uzi mpya, akauzungusha kisiginoni kwa Nasoro mbele ya watu wote, akaupiga fundo. Akaenda kuuweka katika kiganja cha Riziki na kukifumba kwa mikono yake miwili. "Mpelekee kaka yako," alisema. "Na umwambie tunaomba radhi."

"Chausiku mwenyewe ndiye atakayemwambia," mjomba Amuri alisema. "Tutavuka naye tena, na atasema kwa kinywa kilekile kilichodanganya."

Bibi Mwanahamisi alikaa chini, akamvuta mjukuu wake karibu.

"Sikia, Chausiku. Woga nilikupa mimi, na hilo nitajibu mwenyewe kwa Mungu. Lakini uongo ulitoka kinywani mwako. Wahenga walisema, usilolijua ni usiku wa giza. Basi mtu ukimshuku, muulize. Ukishindwa kumuuliza, mwendee mkubwa umwambie. Usimdanganye. Tazama leo: tulimwogopa Riziki asitudhuru, na sisi ndio tuliomdhuru."

Kisha bibi akamgeukia mkwewe.

"Na mimi mzee mzima, miaka mitatu sijakuuliza kitu. Huyo binti yako, mwanangu, aliitwa nani?"

"Sharifa," Riziki alisema, na akaushusha mkeka begani.