Mguu Uliokosa pa Kukanyaga

Ilikuwa saa saba mchana, saa ambayo karakana hunyamaza kwa ajili ya chakula, Msasa aliposikia hatua moja katika chumba cha mbele. Moja tu. Alisubiri ya pili, kama mtu yeyote anavyosubiri bila kujua kwamba anasubiri. Ya pili haikuja.

"Baba, kuna mteja?"

"Mteja gani saa hizi," fundi akajibu huku anatafuna. "Kula."

Akala.

Nyumba yao ilikuwa na vyumba vya kulala nyuma na karakana mbele, na kazi ya humo ilikuwa ushindi. Fundi alisubu vikombe, nishani na ngao kwa shaba ya kuyeyusha, na mteja akimsumbua kwa maswali alimwambia, "Mimi nauza ushindi. Kushinda utajua mwenyewe." Dada yake, aliyeitwa shangazi na watoto wa nyumba kisha na mtaa mzima, aliendesha jiko na kupokea wateja. Binti mkubwa alisugua shaba na kugonga majina, tangu mwaka ule mama yao alipofariki na shule ikamwishia kidato cha pili. Viganja vyake vilikwaruza hata mdogo wake akamwita Msasa, na jina likakaa. Huyo mdogo alikuwa na miaka saba. Aliitwa Kelele, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Wiki hiyo walikuwa na kazi ya katibu wa ligi ya vijana. Alikuwa ameleta sanamu kuukuu ya shaba, aliyoinunua mnadani kwenye vitu vya marehemu asiye na ndugu. Urefu wake ulikuwa kama kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole: mwanamke mwenye mabawa, mkono wa kulia umeinua shada la majani, mguu wa kushoto umekaa juu ya shingo ya mwanamume aliyelala kifudifudi.

"Huyu mama nimempenda," katibu alisema. "Mfanyie kitako, awe ndiye kikombe chetu. Ila hiyo maiti ya chini itoe. Ni mpira wa vijana, si vita."

"Si maiti," Kelele akasema kutoka chini ya meza. "Macho yake yako wazi."

"Basi ndiyo kabisa. Itoe."

Fundi aliibana sanamu kwenye jiliwa, akamkata yule mwanamume kwa msumeno wa chuma, akamtupa kwenye chungu cha kuyeyushia pamoja na mabomba na vitasa vibovu. Zikatoka nishani ishirini na mbili safi. Mwanamke akabaki na mguu mmoja hewani, kama mtu anayepanda ngazi ambayo haipo. Walimfunga juu ya kitako cha mbao nyeusi.

Pale karakanani palikuwa na sheria yake: hugongi jina la mshindi kabla ya kujaribu herufi kwenye kipande kibovu, na unaanza na herufi zilizonyooka, kwa sababu zikipinda zinaonekana upesi. Herufi za chuma zilikuwa mpya. Msasa alikuwa anatafuta neno la kujaribia, na mdogo wake alikuwa anarukaruka pembeni anaimba jina lake mwenyewe, na jina hilo halina herufi hata moja ya mviringo. Akaligonga. KELELE. Likatoka zuri. Akakibandika kile kipande, kibao kidogo cha shaba, kwa nta kwenye kitako, aone kitakavyokaa, na mahali penyewe palikuwa chini kabisa ya ule mguu wa hewani. Kisha shangazi akaita chakula.

Hapo ndipo Msasa aliposikia ile hatua.

Jioni ile Kelele hakusema kitu. Shangazi alimgusa paji la uso, akasema mtoto hana homa, amechoka tu, na tumshukuru Mungu kwa usiku mmoja wa kupumzisha masikio. Walicheka kidogo. Asubuhi Kelele alikunywa chai bila kusema kitu. Siku ya tatu walimkuta amelala kifudifudi sakafuni, mchana mweupe, shavu kwenye saruji, macho wazi.

"Wewe, inuka, utapata kifua," shangazi alisema.

"Siwezi," Kelele akanong'ona. "Amesimama."

"Nani?"

Fundi alimbeba hadi zahanati. Daktari alikuta nyuma ya shingo alama tano ndogo kama dengu, na chini yake moja pana, akasema ni misuli, akatoa dawa ya kupaka. Waliipaka. Alama zikawa zambarau.

Msasa hakulia. Baadaye shangazi alimuuliza mbona hulii, naye akasema hajui. Vitu vilikuwa vimekwenda mbali naye kidogo, vyote kwa pamoja, kama vile kila kitu ndani ya nyumba kimeshukiwa na lile vumbi jembamba la shaba ambalo yeye hulifuta kila jioni na kila asubuhi hulikuta tena. Alisugua nishani. Alihesabu ishirini na mbili, akazihesabu tena.

Siku ya tano, saa kumi jioni, fundi na shangazi wakiwa uani wanabishana kwa sauti ya chini kama waende kwa mganga au warudi zahanati, Msasa aliketi kwenye mkeka karibu na mdogo wake, na hapo akasikia hatua ile moja, nzito kuliko ya kwanza, ikitua ndani ya chumba kilekile walichokuwamo, ikifuatiwa na harufu ya majani mabichi yaliyopondwa na mchakacho mkavu kama wa ndege aliyenaswa kwenye bati, na alipotaka kugeuka akaona haina haja ya kugeuka, kwa sababu mbele ya macho yake ngozi ya shingo ya mtoto ilikuwa inabonyea yenyewe, kidole kimoja kimoja, kutoka kidole kidogo hadi kidole gumba, mpaka kisigino nacho kikashuka na kupata nafasi yake, na Kelele akatoa pumzi ndefu isiyo na sauti, wala hakuivuta tena kwa muda ambao Msasa, kwa kuwa hakujua la kufanya, aliuhesabu kwa moyo wake mwenyewe hadi ishirini na mbili.

Kisha pumzi ikarudi. Msasa akatoka kwenda uani.

"Nendeni mkamlete mganga," alisema. "Zahanati hawana dawa ya hiki."

Mganga alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani mizito, aliyekuja kwa miguu na kikapu chake. Shangazi alimwamkia shikamoo, ingawa walikuwa wamekaribiana umri. Hakuchoma kitu wala hakuimba. Alivua kandambili, akapiga magoti kando ya mtoto, akaongea kama mtu anayezungumza na jirani kupitia ukutani.

"Wewe uliyesimama hapo. Unataka nini? Damu?"

Midomo ya Kelele ilisogea. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, tena mtulivu, kama karani aliyejibu swali hilo mara nyingi.

"Sitaki damu. Nimesimama kwa mguu mmoja."

Fundi akashika ukuta.

"Shuka kwa mtoto," mganga alisema.

"Nimepewa. Jina lake limeandikwa chini ya mguu wangu."

Msasa alikwenda karakanani, akang'oa kibao kwenye nta, akakileta mkononi. Wote walikisoma. Hakuna aliyemgombeza, na angependa wamgombeze.

"Nilikuwa najaribu herufi," alisema.

"Ndivyo tunavyofanya," fundi akasema taratibu. "Hata mimi ningegonga hilohilo."

"Basi tumeshakitoa," shangazi alisema. "Si yaishe?"

"Ukishampa mtu kiti, huwezi kukivuta akiwa amekikalia," mganga akasema. "Nionyesheni alichokuwa amekanyaga zamani."

Hakikuwapo. Kilikuwa nishani ishirini na mbili.

Fundi akasema basi naye atamyeyusha mwanamke mwenyewe, sasa hivi, moto uko tayari. Mganga akamtazama juu ya miwani. "Umyeyushe yuko juu ya shingo ya mwanao? Shaba itamwagikia wapi, baba?"

Fundi akakaa chini.

Kulikuwa na jalada la michoro la babu, baba yake fundi, aliyeanzisha karakana na kunakili kutoka vitabuni kila picha ya ushindi aliyoiona. Msasa alilijua ukurasa kwa ukurasa. Ndiyo shule iliyombakia. Alilishusha akalifungua mbele ya mganga. Mfalme aliyechongwa mwambani, mguu juu ya tumbo la mtu, na mbele yake safu ya wengine waliofungwa shingo kwa kamba moja. Gari la vita, na chini ya magurudumu mtu amejikunja. Lango kubwa la mawe, jemadari juu, na kwenye nguzo zake mateka, mikono nyuma. Mwanamke mwenye mabawa akimvika jemadari shada. Mpanda farasi, na chini ya kwato si nyoka kama ulivyodhani mwanzo, ni mtu.

Kadiri kurasa zilivyokuja karibu na siku zetu, watu wa chini walipungua. Likabaki shada peke yake, kuti la mtende, vidole viwili juu, kikombe.

"Siku zote alikuwapo mtu," Msasa alisema. "Wakaanza kumtoa. Wakabakiza kitako."

"Sasa umeona," mganga akasema. "Wenzako wanaosubu wapya hawapati shida, mguu unazaliwa juu ya mbao na unaridhika. Huyu ni wa kale. Anamkumbuka wake." Akageukia mtoto. "Tukikurudishia mtu wa chini, utashuka?"

"Awe mtu," sauti ikasema. "Jina si lazima. Yule wa kwanza hakuwa nalo."

Fundi akafuta uso kwa kiganja. "Mimi sichongi kutoka kichwani," alisema. "Maisha yangu yote nanakili. Lazima alale mtu, nimtazame."

"Nitalala mimi," shangazi akasema. "Mgongo wenyewe umeshajilalia."

"Shangazi, huwezi hata kuinama kufunga viatu," Msasa alisema. "Utakufa kwenye saruji."

"Mtoto wewe una maneno."

"Na baba lazima achonge," Msasa aliendelea, kwa sauti ya mtu anayepanga nani atachota maji. "Nimebaki mimi."

Mganga alimshika kiganja, akakigeuza, akakikwaruza kwa kidole gumba. "Anayelala alale akijua," alisema. "Mimi ninaweza kumhamisha. Kumwondoa siwezi. Hakuna anayeweza, mradi watu wanapenda kushinda."

"Nimesikia."

Fundi alikataa. Alikataa mara tatu, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, na mara ya tatu Kelele alishusha pumzi na hakuivuta. Fundi akanyoosha mkono kuchukua donge la nta.

Msasa alilala karakanani kifudifudi, katikati ya meza na jiliwa, shavu kwenye saruji iliyokuwa na joto la mchana. Karibu na jicho lake aliona chembe za shaba na kipande cha kisu. Alimsikia baba yake akifinyanga, akipumua kwa mdomo, akisema "geuza mkono kidogo, mama, hivyo hivyo" kama alivyokuwa akimwambia alipokuwa mdogo akimnyoa nywele. Alisikia nta ikipelekwa kwenye kalibu ya udongo, moto ukivuma, shaba ikimiminwa, na kisha tupa ikilainisha mishono, kazi ambayo ingekuwa yake. Hawakumwambia ainuke, naye hakuuliza. Kulipokucha akasikia mganga akisema, "Sasa iweke chini yake," kisha sauti ya shaba kugusa shaba.

Harufu ya majani ilipita juu yake. Mguu ulitua. Haukuwa mzito kama alivyotarajia. Ulikuwa wa baridi, nao ulikaa kwa utulivu wa mtu aliyefika nyumbani.

Kutoka chumba cha nyuma Kelele akaanza kulia kwa nguvu zake zote, akidai chai, akidai mkate, akiuliza nani amempaka mafuta yanayonuka, na shangazi akakaa palepale mlangoni na kujifunika uso kwa kanga yake.

Katibu alikuja Ijumaa. Alikizunguka kikombe, akainama.

"Mbona mmemrudisha? Tena huyu ni msichana."

"Haendi bila huyu," fundi alisema. "Ukimtoa, chukua kazi yako upeleke kwingine."

"Mafundi mna visa." Lakini fainali ilikuwa Jumapili. Akakifunga kikombe kwenye gazeti, akaondoka nacho.

Jumapili Msasa, mguu ungali mwepesi shingoni, alibaki nyumbani kuchambua mchele. Uwanja haukuwa mbali. Mtu angeweza kufuata mchezo kwa kusikiliza tu. Karibu na saa kumi na mbili ulipigwa ukelele mmoja mrefu, halafu ngoma, halafu watu maelfu wakaanza kuimba, na Msasa akajua kwamba mahali fulani vijana wenye nishani shingoni walikuwa wameshika kikombe kwa mikono mingi na kukiinua juu kadiri walivyoweza.

Shingo yake ikashuka. Ilishuka yenyewe, taratibu, mpaka paji la uso likagusa ungo, kisha mchele ukamwagika na shavu likaifikia sakafu.

Kelele aliingia mbio. "Dada, wameshinda. Wamembeba nahodha. Shangazi amecheza mpaka kiatu kimemtoka." Akasimama. "Unafanya nini huko chini?"

"Naokota mchele."

"Nikusaidie?"

Mtoto akaanza kupiga magoti, akiinamisha kichwa ili amwone dada yake usoni.

"Usilale hapa," Msasa akasema. "Simama. Niambie wanavaa rangi gani."

Kelele akasimama, akamwambia, akaeleza na mabao yote matatu, kwa sauti iliyojaa chumba. Msasa alimsikiliza macho wazi. Nje walikuwa bado hawajakiweka kikombe chini.