Miguu Mifupi ya Paa la Kimilili

Metrine alikuwa amepiga goti kwenye sakafu ya duka la Aboud, akikandamiza kipande cha boksi chini ya mguu wa chuma. Boksi hilo lilikuwa limekatwa kwa mkasi, likafuata mawimbi ya bati moja baada ya jingine. Alikuwa amejaribu miguu minne ya kuinulia paneli za sola na yote ilikuwa imekataa. Huu wa tano ulikalia wimbi la kwanza vizuri, kisha ukaning'inia kwenye la pili.

Ilikuwa Jumapili, siku yake ya mapumziko, na mtaa wa Naif, Dubai, ulikuwa umejaa. Mikokoteni ya mizigo ilipita mlangoni, wasukumaji wakiomba njia kwa lugha tano. Metrine alivaa gauni la kitenge cha kijani lenye mikono mipana, na raba nyeupe zisizo na doa. Siku nyingine sita alivaa sare ya kijivu katika nyumba ya Madam Ghada kule Al Warqa, na hakuna aliyejua kwamba rangi ya kijani inampendeza.

"Dada, hiyo si ya kuning'inizia pazia," sauti ya kiume ilisema juu yake.

Hakuinua kichwa. "Na wewe si wa kuning'inia juu ya watu. Unaniziba mwanga."

Mwanamume akasogea. Alikuwa mrefu, na mabuti yake yalikuwa na vumbi jeupe la mapaa ya zege. Shati lake la rangi ya chungwa lilishonwa jina kifuani: Duncan. Alikuwa ametumwa na msimamizi wake kuchukua bolti, na sasa bolti zilikuwa zimemtoka akilini.

"Mwache, bwana," Aboud alisema kutoka nyuma ya kaunta. Alikuwa Mmombasa mnene, muuzaji wa vyuma na msafirishaji wa mizigo ya kwenda Kenya. "Bi Metrine ameshanipangua rafu nzima. Wenye maduka makubwa hawanisumbui hivi."

"Unataka kuinua paneli kwa nini?" Duncan aliuliza. Alichuchumaa, macho yao yakawa sawa.

"Ikilala juu ya bati inachemka, na ikichemka haitoi umeme wake wote. Upepo lazima upite chini."

"Nani alikufundisha?"

"Simu yangu. Watoto wa madam wakilala mchana, mimi nasoma. Mwaka mzima sasa."

"Na hiyo nyumba ni ya nani?"

"Ni yangu. Iko Kimilili. Mama anakaa humo." Aliyasema kwa utulivu, kama mtu anayetaja urefu wake. "Desemba mkataba ukiisha narudi kabisa. Nataka nifike taa zikiwaka."

Duncan alikiangalia kile kipande cha boksi. Kingo zake zilikuwa zimelainika kwa kubebwa. Miaka saba alikuwa akifunga paneli kwenye nyumba za Dubai, na hakuwa amewahi kumwona mwenye nyumba aliyelibeba paa lake kwenye mkoba.

"Mimi ni wa Kitale," alisema. "Tumepakana. Nipe namba, nikusaidie kuchagua."

"Namba nitakupa. Kuchagua nitachagua mwenyewe."

Duncan alicheka, akadhani ni mzaha.

Simu zilianza Jumatatu. Ulikuwa mwisho wa Agosti, na mafundi wa nje walipumzishwa mchana hadi saa tisa kwa sababu ya joto. Duncan alilala chali kwenye kivuli cha paneli alizofunga mwenyewe, akapiga. Kule Al Warqa, Metrine alipokea akikunja nguo za watoto.

"Umekula, mrembo?"

"Nimekula. Wewe umekula au umeota tu?"

"Nimeota nakula kwako."

"Basi ulale tena. Pengine utapakuliwa."

Jumapili iliyofuata walivuka Creek, ule mkono wa bahari, kwa abra, mashua ya abiria, kutoka Deira hadi Bur Dubai, wakatembea kwenye maduka ya vitambaa. Metrine aligusa pazia moja la dhahabu, akaliacha. Walikunywa karak, chai nzito ya maziwa na iliki, wamesimama. Alimweleza Duncan habari za nyumba kama wengine wanavyoeleza habari za watoto wao: mwaka wa kwanza msingi, wa pili kuta, wa tatu alirudi likizo na kumbomolesha fundi ukuta wa jikoni kwa sababu dirisha halikuwa alipoagiza.

"Ulimbomolesha?"

"Mpaka chini. Sasa ananiita 'injinia'. Kila kitu kwenye nyumba ile nimekichagua mimi, Duncan. Hata kitasa cha choo."

Duncan alimpenda pale pale, kikombe mkononi. Lakini yeye ni mtu wa vitendo, na mapenzi yake yalikimbilia kwenye kitu anachokijua.

Jumanne, Aboud akampigia Metrine. "Hongera, dadangu. Mchumba wako ametumaliza. Amekuja asubuhi, amekuchukulia miguu ishirini na minne, ile mirefu bora kabisa. Nimeshaandika jina lako. Lori la bandarini linaondoka wiki ijayo."

Metrine aliweka pasi wima. Alimwomba Madam Ghada ruhusa ya muda wa saa tatu, akapanda basi na sare yake ya kijivu. Njiani alimwandikia Duncan maneno mawili: Njoo dukani.

Walikutana stoo, nyuma ya duka. Miguu ilikuwa imepangwa ukutani ikimeta, kila mmoja umbo la pembetatu, upande wa nyuma ukifika magotini. Duncan alikuwa akitabasamu, mikono nyuma, kama anayesubiri kupongezwa.

"Nilitaka nikupunguzie kazi, mpenzi."

"Nani alikwambia ni kazi?"

Tabasamu likapungua. "Hii ndiyo bora. Tunaifunga kila siku. Inainamisha paneli kuelekea kusini, jua linaipiga sawasawa."

"Jua la wapi?"

"La..."

"Nyumba yangu ina madirisha pande zote mbili," Metrine alisema. Hakupaza sauti. "Julai jua la mchana linaingia jikoni, upande wa kaskazini. Desemba linaingia sebuleni, upande wa kusini. Ndiyo maana nilibomoa ule ukuta. Na saa kumi upepo unashuka Mlima Elgon na mvua ya mawe. Ukisimamisha vitu virefu namna hii juu ya mabati na mbao, upepo utavishika na kuondoka na paa. Hapa mnafunga kwenye zege."

Duncan aliiangalia miguu ile.

"Hukuniuliza. Hilo la kwanza. La pili linaniuma zaidi." Alifunga mkoba. "Umezaliwa Kitale, na umesahau jua la kwenu linapita wapi."

Aliondoka. Aboud, aliyekuwa mlangoni na kikombe cha kahawa, alijibanza kando kumpisha.

Hakupokea simu jioni ile, wala Jumatano. Alifanya kazi zake zote kwa mpangilio, akapiga pasi hata vitambaa vya kufutia vyombo. Mtoto mdogo wa madam akamuuliza kwa nini haimbi leo.

Duncan hakuandika maneno matamu. Alikuwa na aibu, na aibu yake ilitaka kipimo. Alhamisi mchana, akiwa kwenye paa, alisimamisha bomba na kutazama kivuli kikilala upande wa kaskazini, kama miaka yote saba. Kisha akangoja jua la kwao nalo lifike utosini, akampigia dada yake Kitale.

"Phyllis, chomeka fimbo uani, iwe wima. Kivuli kina urefu gani?"

"We Duncan, hilo joto limekufika kichwani?"

"Nipimie tu, dada."

Alisikia kuku, mlango, hatua. "Vidole vitatu hivi. Kidogo sana."

"Kimeangukia upande gani?"

"Wa barabara ya Webuye."

Webuye ni kusini. Maana yake kule kwao, dakika ile, jua lilikuwa upande wa kaskazini, na paneli ambayo angemfungia Metrine ingekuwa imeligeuzia mgongo. Duncan alikaa chini taratibu. Alikumbuka alivyokuwa mtoto, mchana wa Septemba, akijaribu kukanyaga kivuli chake na kukikuta chini ya miguu.

Ijumaa ujumbe ukaingia Al Warqa: "Nimekosea mara mbili, na zote umenionyesha wewe. Miguu mirefu nimeirudisha. Jumapili saa nne nitakuwa stoo. Tafadhali njoo na boksi lako."

Metrine aliusoma mara tatu. Hakujibu, lakini Jumapili alivaa lile gauni la kijani.

Katikati ya stoo kulikuwa na paa. Paa dogo, meta mbili kwa mbili: mbao nne, mabati ya mawimbi yaliyotumika, mteremko wake umepimwa. Pembeni kulikuwa na aina tatu za miguu mifupi, spana, na jagi la maji.

"Mbao umeziachanisha kiasi gani?" aliuliza, badala ya salamu.

"Ulivyoniambia siku ile tukinywa chai. Mikono miwili kasoro shibiri."

Kumbe alisikiliza. Metrine alivua mkoba, akalaza boksi lake juu ya bati. Lilikaa wimbi kwa wimbi. Alishika spana.

Duncan alikaa juu ya gunia, akanyamaza. Ilimgharimu. Mara mbili mkono wake uliinuka kuonyesha kitu, mara mbili akaukalia. Metrine alifunga mguu wa kila aina, akautikisa kwa mikono yote miwili, akamwaga maji kwenye tundu la bolti, kisha akapita chini ya mbao na karatasi ya tishu. Wa kwanza ulivuja. Wa pili ulicheza. Wa tatu ulikuwa mnene, una raba nyeusi chini, na ungeinua paneli kiasi cha kiganja kupita chini yake. Tishu ilitoka kavu.

"Huu," alisema.

"Kwa nini?" Duncan aliuliza, na kweli alitaka kujua.

"Unashika mbao, haushiki bati peke yake. Upepo utapita chini kupoza, lakini hautapata pa kukamata. Na paneli italala na mteremko wa paa, jua lije kaskazini, lije kusini."

"Ndivyo ningesema," Duncan alisema. "Ila ningehitaji miaka saba mingine."

"Na mimi nani ananilipa muda wa stoo yangu?" Aboud aliuliza kutoka mlangoni. "Patanani upesi, nina vitunguu vya kuweka hapo."

Wakacheka wote wawili kwa pamoja, na kicheko hicho kikawa ndio msamaha.

Walianza kuvalisha raba miguu ishirini na minne ya aina hiyo, mmoja mmoja, magoti yao yakigusana. Ilipofika kumi na minne, Duncan alisema bila kuinua macho: "Mkataba wangu unaisha Februari. Sitatia sahihi tena. Naomba nije Kimilili kumwona mama yako. Nije kama mgeni, siyo kama fundi."

Metrine aliendelea kukaza raba. "Mgeni anakaa sebuleni anapewa soda. Wewe nataka upande juu ya paa."

"Na mama akiuliza huyu juu ya paa ni nani?"

"Nitamwambia ni mtu niliyemchagua mwenyewe. Anajua sichagui haraka."

Duncan alisimama, akaketi tena, akasahau raba aliyokuwa ameishika.

Saa ya basi ilikuwa imefika, na madam alikuwa na wageni jioni. Miguu kumi ilibaki sakafuni bila raba, sanduku likiwa wazi. Lori lingeondoka Jumanne. Metrine alinawa mikono kwenye jagi, akajitengeneza mikono ya gauni. Kisha akalichukua boksi lake, akalitazama kidogo, akampa Duncan.

"Hiyo kumi utaimalizia kesho ukitoka kazini. Kila mmoja uupime kwa hili kabla hujafunga."

Miaka miwili hakuwa amemwachia mtu mwingine boksi lile. Duncan alilipokea kwa mikono miwili.

"Na ukiona mmoja haukai?" Metrine aliuliza, akiwa tayari mlangoni.

"Nitakupigia," Duncan alisema. "Nikuulize."