Swali la Mama wa Dobi

Kila asubuhi dobi aliwasha mkaa, akajaza pasi yake, akatandika blanketi juu ya meza. Mama yake alikaa kando akishona vifungo vilivyong'oka kwenye nguo za wateja. Lakini hakukaa pale kwa ajili ya vifungo tu. Alikuwa pua ya mwanawe.

"Inua pasi, baba! Kola inaungua."

Dobi akainua. Hakuwa amesikia harufu yoyote.

Pua yake ilikuwa imeziba kwa miaka. Alilala mdomo wazi. Uso ulimuuma, hasa kati ya macho. Alipuliza dawa puani, akasafisha pua kwa maji ya chumvi, akameza vidonge alivyoandikiwa. Alipata nafuu, kisha hali ikarudi. Safari moja jicho lake la kushoto lilivimba hadi likafumba. Mkewe alimkimbiza hospitali, akalazwa.

Sasa daktari alishauri apasuliwe.

"Hapana," alisema mama. "Pua na macho ni majirani. Ubongo nao uko hapo juu. Mkono ukiteleza?"

"Na nisipopasuliwa, mama? Jicho likivimba tena?"

Mama akakata uzi kwa meno. "Hata kwa baba yako walituambia ni upasuaji mdogo. Aliingia akitembea kwa miguu yake..."

Mke wa dobi aliacha kukunja mashuka.

"Mama, twende wote," alisema taratibu. "Hilo lililo moyoni mwako kamwambie daktari mwenyewe."

"Nitamwambia. Makoti meupe siyaogopi. Nimeyafua mengi."

Daktari alikuwa kijana. Alipomwona mama, alisimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nina swali moja. Utaniahidi kwamba huyu atatoka mzima?"

Daktari akamvutia kiti.

"Siwezi kuahidi, mama. Ningekudanganya."

Akawaonyesha picha ya kichwa cha dobi iliyopigwa kwa mashine. "Ndani ya mifupa ya uso kuna vyumba vya hewa. Vyake vimejaa uchafu, na vinyama laini vimeziba milango. Dawa tumezijaribu, hazikutosha. Tutampa dawa ya usingizi, tuingie kwa matundu ya pua na mrija mwembamba wenye taa. Uso hatuuchani. Picha hii ndiyo ramani yetu. Wengi hupata nafuu kubwa. Lakini mtu anaweza kuvuja damu sana. Jicho au utando wa ubongo unaweza kuumia, ingawa ni nadra. Na vinyama vinaweza kuota tena, kwa hiyo ataendelea kusafisha pua na kupuliza dawa."

"Harufu itarudi?" dobi aliuliza.

"Huenda. Si lazima." Daktari akamgeukia. "Kuna dawa nyingine unayotumia? Hata ya dukani, hata ya mizizi?"

"Hakuna, daktari."

Mama akamkazia macho. "Sema, mwanangu."

Dobi akajifanya anatazama ile picha.

"Basi nasema mimi. Anameza aspirini kila siku, kichwa kikimuuma. Na kuna chupa ya maji ya mizizi, iko nyuma ya gunia la mkaa. Anadhani sijaiona."

Dobi akainamisha kichwa. "Niliona utanigombeza."

"Sikugombezi," alisema daktari. "Lakini aspirini huzuia damu kuganda haraka. Baadhi ya mizizi pia. Damu ikijaa puani, sioni ninapofanya kazi. Hapo ndipo jicho linapoweza kuumia. Tutasogeza mbele siku ya upasuaji. Nitakueleza uache nini na lini. Usijiamulie mwenyewe. Na jicho likivimba, au ukiona vitu viwiliviwili, usisubiri siku hiyo. Njoo mara moja."

Mama akasema kwa sauti ndogo:

"Kwa baba yake, hakuna aliyetuuliza alikuwa anameza nini."

Akamshika mwanawe bega. "Mwili ni wako, baba. Amua wewe. Mimi kazi yangu ni kumwomba Mungu."

Dobi aliamua kupasuliwa.

Siku ya upasuaji mama alikaa kwenye benchi, shati la mwanawe mapajani, midomo ikisali. Mlango ulipofunguliwa, walimtoa akiwa amelala kitandani, ameanza kuzinduka, pamba puani. Mama akamwinamia.

"Unaniona? Kwa macho yote mawili?"

"Nakuona," dobi alisema kwa taabu. "Umefunga kitambaa cha kichwa kinyume."

Mama akacheka, huku machozi yakimtoka.

Nyumbani, mkewe alichemsha maji kila siku, akayaacha yapoe, akatia chumvi ya kusafishia pua. Dobi alirudi kliniki kila alipoitwa. Sasa alipiga pasi akiwa amefunga mdomo, na usiku alilala vizuri.

Asubuhi moja aliinua shati kutoka kwenye beseni, akalirudisha upesi.

"Mama! Sabuni hii inanuka hivi? Wateja wameivumiliaje miaka yote?"

"Walikuwa wanakuvumilia wewe," alisema mama.

Akaweka chini sindano na uzi, akaingia ndani kumshukuru Mungu. Kwa mara ya kwanza, alimwacha mwanawe peke yake na pasi ya moto.