Bango Lisilo na Irabu

Lori lilikuwa limeshashika njia, na fundi mabango, aliyekuwa anafuata rangi mji wa pili, alikuwa angali anapiga kelele akiwa amekaa juu ya magunia: “Upepo! Irabu za bango la ghala! Leo hii!”

“Ndiyo, baba!” binti yake aliitikia. Walimwita mtoto huyu Upepo kwa sababu hakutulia mahali.

Kazi waligawana hivi: baba alichora konsonanti kwa rangi nyeusi, akaacha nafasi, kisha Upepo akajaza irabu kwa nyekundu. “Ni tano tu,” baba alizoea kusema, “sawa na vidole vya mkono mmoja. Hata wewe huwezi kuzipoteza.”

Lakini wenzake walikuwa wanaruka kamba. Kuli wa ghala alipokuja na gunia la kufungia bango, Upepo alisema bila kugeuka, “Tayari. Chukua.” Moyoni alijiambia angeenda kumalizia jioni. Jioni ilipofika alikuwa ameshasahau.

Kesho yake alimsindikiza bibi yake kazini, huko huko ghalani alikopepeta nafaka. Domo, rafiki yake Upepo, aliwafuata akipiga soga. Bibi alipitia mlango wa nyuma, kama kawaida yake.

Uani palikuwa kimya mno. Njiwa waliozoea kudonoa punje hawakuwapo. Panya wawili walikuwa wamelala chali kizingitini. Juu ya komeo lilining'inia bango:

S F NG . S M ND N

“Haya, fumbo hilo!” Domo alicheka. “Simu ndani! Bibi, ukiiokota nipe mimi.”

“Nitakupa kofi,” bibi alijibu. “Labda ni ‘soma ndani’. Wamefungua shule humu? Ngoja nichukue ungo wangu.”

Akashika komeo. Harufu kama ya vitunguu saumu vilivyooza ilipenya kwenye ufa wa mlango.

Upepo alilijua lile neno; baba alimsomea kabla ya kuchora. Akisema, baba atajua alidanganya, na hatamwachia brashi tena. Komeo likalia, krii. Mlango ukasogea.

“Bibi, acha!” Alimng'ang'ania gauni, akamvuta. “Usifungue, sumu ndani! Ni mimi, bibi. Sikujaza irabu, nikasema tayari!”

Bibi aliachia komeo kana kwamba lina moto. Walirudi nyuma hadi barabarani, bibi akikohoa. Mtunza ghala alikuja mbio, akalifunga lile komeo kwa kufuli. Dawa ya kuua wadudu ilikuwa imewekwa usiku, na hewa yake haichagui mdudu wala mtu.

Baba aliporudi, hakufoka, na hilo lilimtisha Upepo zaidi.

“Umesema kweli ilipokuwa ngumu kusema, hilo nimeliona,” alisema. “Ila sikia, mwanangu. Kazi ya nusu ukiiita nzima, umetega mtego. Na wa kwanza kunasa ni yule anayekuamini.”

Bibi alikohoa siku kadhaa, akapona. Mtunza ghala alikaripiwa kwa kutokagua bango, akahamishwa. Miaka imepita; Domo siku hizi anauza simu. Mikono ya baba ilianza kutetemeka, akaacha uchoraji. Upepo ndiye fundi mabango sasa, na irabu huzichora kwanza.