Raba za Mgeni

Kila asubuhi Hilaria alikata majani ya ng'ombe, kisha akashuka mbio kwenda shule. Alikimbia peku kwenye mteremko wa Kibosho, na hakuna aliyemshika. Baba yake, Rogath, mpagazi wa kubebea wageni mizigo mlimani, alijivuna kila kona. Mwezi wa sita kulikuwa na mchujo wa mbio wa mkoa. Mshindi angepata nafasi katika shule ya michezo.

Wiki tano kabla ya mchujo, mgeni aliyeshuka mlimani alimwachia Rogath raba zake za kukimbilia. Wageni wengi hufanya hivyo. Zilikuwa nene mno kisiginoni, tena kubwa kwa Hilaria. Rogath akajaza vitambaa mbele.

"Kukimbia peku sasa basi," alisema. "Bingwa hakimbii kama mchunga mbuzi."

Wiki ya pili Hilaria alishika ugoko, ule mfupa wa mbele ya mguu. "Baba, hapa panauma."

"Uvivu huo. Mimi napanda mlima na kilo ishirini. Nani amenisikia nikilia?"

Hilaria akaendelea kukimbia na raba zile. Siku ya mchujo, Hilaria alianguka mzunguko wa pili. Hakuinuka.

Hospitalini walipokewa na Yuditha, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alimwamkia Rogath, kisha akawaonyesha picha ya eksirei ya mguu. Mfupa ulikuwa umeingia ufa.

"Raba mbovu?" Rogath aliuliza.

"Si mbovu, mzee. Akiwa peku alipiga hatua fupi. Alitua na sehemu ya mbele ya unyayo, goti limekunjika kidogo. Misuli ilipokea kishindo. Kisigino kinene kikamfanya arefushe hatua na kutua na kisigino, mguu umenyooka. Unyayo hausikii kitu, lakini kishindo kinapanda mfupani. Mteremko nao unakiongeza."

"Basi arudi peku?"

"Kwenye mawe na vipande vya chupa? Hapana. Atafute raba inayomkaa sawasawa, kisigino kisiwe kinene sana. Aizoee polepole, dakika chache, aongeze kila wiki. Mwili hauzoei mwendo mpya kwa siku moja. Na mfupa ukiuma, apumzike, aje apimwe. Alianza kuumwa lini?"

Hilaria aliinamisha kichwa.

"Aliniambia wiki tatu zilizopita," Rogath alisema. "Nikamwita mvivu."

Nafasi ilichukuliwa na msichana wa Kirua Vunjo. Shule ya michezo haikumngoja mtu. Rogath aliacha kujivuna, na majirani nao wakaacha kumuuliza.

Hilaria alipumzika mpaka Yuditha aliporidhika. Kisha akaanza kwa raba zinazomtosha, dakika tano kwanza, hatua fupi. Rogath mwenyewe alishika saa. Kufikia Krismasi Hilaria alikimbia hadi kanisani na kurudi bila maumivu.

"Umepona, mwanangu," Rogath alisema.

"Nimepona." Hilaria alifungua kamba za raba taratibu. "Lakini baba, siku nyingine nikikuambia naumwa, uniamini."

Rogath alichuchumaa, akamsaidia kuzivua. "Nitakuamini," alisema.