Komeo la Nje

Sokoni Muthurwa Jumamosi asubuhi hakuna mahali pa kulala, lakini Muoki alikuwa amelala. Alijinyoosha chali juu ya godoro la sponji katikati ya njia, muuzaji akimfokea ainuke, na wapita njia wakimruka kama dimbwi.

"Wewe ni mgonjwa?" sauti ya kike ikamuuliza.

Alifumbua jicho moja. Aliona raba nyeupe, rinda la njano lililomkaa mwenyewe sawasawa, futi ya fundi cherehani ikining'inia shingoni, na juu kabisa uso uliokuwa ukijizuia kucheka.

"Zi, siste, si mgonjwa. Napima. Nyuma ya gari yangu ni fupi na mimi ni mrefu."

"Unapima godoro na mwili?"

"Futi sina."

"Toka hapo, unachafulia mtu mali." Msichana akachutama, akanyoosha futi yake. "Inchi sabini na mbili. Na hiyo gari yako ni ngapi?"

Muoki hakujua. Hakuwa amelipima gari. Msichana alicheka hadi akamshika muuzaji bega, na kabla hajamaliza kucheka, Muoki alikuwa ameshamwomba namba ya simu. Aliitwa Mutheu, fundi wa nguo pale Donholm.

Gari lenyewe lilikuwa vani kuukuu iliyokuwa ikisambaza mkate. Muoki, mchongaji wa vinyago wa Kayole, alitaka kuigeuza nyumba ya magurudumu, akodishie watu wanaotaka kuona milima na maziwa wakiwa na kitanda chao. Ilikuja bila mlango wa nyuma, kwa hiyo aliuchonga mwenyewe kwa mbao ya mvule: twiga, korongo wawili, na kiboko mwenye uso wa mtu aliyeamshwa. Ulimla wiki tano. Hakuwa amewahi kuchonga kitu kizuri namna ile, na alijua.

Mutheu akashona mapazia. Kila jioni simu ililia.

"Beb, pazia ya kushoto nimeweka maua."

"Weka hata sufuria. Bora tu usikate simu."

Miezi mitatu hivi, wakapendana hadi mafundi wenzake Mutheu wakachoka kusikia jina la Muoki. Basi ikapangwa safari ya kulijaribu gari: kupanda Kinangop chini ya milima ya Nyandarua, kisha kuteremkia ziwa Naivasha. Tatizo likawa mama yake Mutheu, Mbeti.

"Mtoto wangu halali kwa gari ya mwanaume," alisema. "Mnaenda asubuhi, mnarudi jioni. Na mimi niko ndani."

Alfajiri ya safari Mbeti alifika na leso mbili, chupa ya chai na kikaango chake cha chuma, maana hakuamini kikaango cha mtu mwingine. Mutheu alikuwa amesimama nyuma ya gari, akiukagua mlango. Wiki hiyo Muoki alikuwa ameongeza vyuma vya madirisha, vilivyochomelewa imara, na wavu mzito kati ya dereva na nyuma. Na mlangoni, kwa nje, komeo nene.

"Muoki, kwa nini komeo iko nje?"

"Wezi, beb. Hii ni Kayole."

"Na ndani?"

"Ndani tutakuwa sisi. Nani atatuiba?"

Alidhani amesema jambo la kuchekesha. Hakujua kwamba Mutheu alikulia chumba kimoja ghorofa ya tatu, mtaa huo huo, na kwamba mama yake, akienda kufulia watu nguo Donholm, alimfungia kwa nje na kufuli tangu asubuhi hadi jioni. Miaka minne. Mpaka leo Mutheu hushona akiwa amekaa karibu na mlango. Angemwambia, lakini mama alikuwa pale pale akifunga leso, basi Mutheu akapanda gari.

Njiani Mbeti hakunyamaza.

"Dereva, punguza mwendo. Dereva, hiyo gari inatoa moshi. Wewe dereva, ulifunzwa na nani, ng'ombe?"

Kwenye kilima gari lilichemka, wakasimama kulimwagia maji, baridi ya Kinangop ikiwauma masikio. Muoki alitabasamu mpaka magego yakaonekana.

"Mamako ananipenda. Ananiongelesha kama mtoto wake!"

Mutheu akamvuta kando. "Wewe Mkamba wa Kayole, hukufunzwa kitu? Kwetu mama haongei na mkwe ovyo. Hamwangalii usoni, hakai na yeye nyumba moja. Ni heshima. Akikutukana hivi, wewe bado ni dereva tu."

Tabasamu la Muoki likaisha. Kilomita zote zilizobaki aliendesha kama mwanafunzi kwenye mtihani.

Ziwani Naivasha waliegesha kwenye kambi ndogo ya watalii penye miti ya manjano. Muoki alining'iniza kufuli wazi kwenye komeo, akamwita askari wa kambi. Alimweleza kwa makini: ukiona sisi hatupo na hapa hapajafungwa, tubonyezee kufuli. Ndivyo majirani wa ploti za kupanga wafanyavyo, na askari alikubali kwa moyo mweupe.

Saa saba mvua ikaanguka, ya mawe. Wote watatu wakakimbilia nyuma, wakavuta mlango, wakafunga mapazia yenye maua. Askari alipita na mwavuli. Aliona mbele hakuna mtu, mapazia yamefungwa, kufuli wazi. Akafanya alivyoagizwa.

Tak.

"Hiyo ni nini?" Mbeti akauliza.

Muoki aliusukuma mlango, kisha akaupiga bega. Wakapiga kelele wote watatu, lakini mabati ya paa yalikuwa yakipigwa na mawe na hakuna aliyesikia hata jina lake. Simu zote zilikuwa mbele kwenye dashibodi zikichajiwa. Waliziona vizuri kabisa kupitia wavu aliouweka Muoki mwenyewe. Ufunguo wa kufuli ulikuwa mfukoni mwake.

Mwanzoni walicheka. Saa nzima ilipopita, mvua bado ikipiga, Mutheu alikuwa ameketi sakafuni, magoti kifuani, macho mlangoni.

"Umenijengea Kayole," alimwambia Muoki. "Ile ile. Umeweka mapazia tu. Hii mlango ikifunguka, mimi narudi peke yangu, na usinipigie."

"Mutheu, mimi sikujua..."

"Muulize mama!"

Mbeti aliikunja leso yake, akaikunjua.

"Nilikuwa nakusikia ukilia," akasema hatimaye. "Mpaka ghorofa ya chini nilikuwa nasikia."

"Na hukurudi?"

"Ningerudi, ungekula nini?" Akajifuta uso kwa leso. "Nilidhani utasahau. Leo nimefungiwa saa moja tu, mtu mzima, na roho inataka kutoka. Nisamehe, mwanangu."

Mutheu alimlalia mama yake begani, akalia kuliko alivyowahi kulia.

Muoki aliwatazama. Halafu akatoa patasi yake chini ya kitanda. Kuta zilikuwa bati, madirisha vyuma. Kitu kimoja tu ndicho kilichoweza kutobolewa. Aliushika mlango wake kwa mkono, akapapasa shingo ya twiga, karibu kabisa na lilipokaa komeo upande wa pili.

"Si hiyo," Mutheu akasema. "Hiyo kazi yako yote."

"Nitachonga ingine."

Nyundo hakuwa nayo. Akageuka kutafuta, akaona mkono wa Mbeti umenyooshwa kwake na kikaango cha chuma. Mwenyewe ameangalia ukutani, leso imefunika uso.

Alikata shingo ya twiga, akakata korongo mmoja. Mvule ni mgumu; ilimchukua saa nyingine, viganja vikatoka malengelenge. Tundu lilipotosha mkono mwembamba aliacha, akatoa ufunguo.

"Fungua wewe."

Mutheu akapitisha mkono. Kufuli likaachia, komeo likasogea, na hewa ya ziwa ikaingia yote kwa mara moja. Alitoka mbio hadi ukingoni, akasimama kwenye manyunyu, mikono kaitandaza.

Muoki hakumfuata. Alichukua bisibisi, akafungua skrubu za komeo moja moja, ndipo akamwendea.

"Jumatatu nakata vyuma zote. Na hii ni yako. Tupa kwa ziwa ama weka mahali unataka." Akamwekea komeo mkononi. "Mutheu, nataka kukuoa. Lakini ukitaka kwenda, nakupeleka stage ya matatu na sikufuati."

Mutheu alikigeuza kile chuma mkononi.

"Nipe bisibisi," akasema. "Naifunga ndani. Na funguo nakaa nayo mimi."

Walipogeuka, Mbeti alikuwa ameshachukua simu yake, yuko barabarani amesimamisha teksi ya probox ya kwenda Nairobi. Akapanda bila kuaga, amejifunika leso mpaka machoni.

"Amekasirika," Muoki akasema kwa huzuni. "Tangu ile kikaango hajaniambia hata neno moja. Hata kuniangalia hataki."

Mutheu akamwonyesha kwa kidole upande wa Kinangop. Muoki akakumbuka alichoambiwa kule kuhusu mama na mkwe, akakaa chini kwenye nyasi zilizolowa.

Simu ya Mutheu ikalia kwenye dashibodi. Akaikimbilia, akaiweka sauti ya juu.

"Mwambie huyo," Mbeti alisema, "wazee wake walete mbuzi watatu wa ntheo, wa kuanzisha mahari. Na mwambie wasiwalete na hiyo gari."